Hongo ya Njia

Ukitoka Iringa mjini kwenda Idodi unaiacha Kalenga pembeni, unakutana na kibao cha Mlambalasi, halafu vumbi. Nimeipita barabara hii tangu nikibebwa mgongoni, na kwa miaka mingi sikuona ajabu yoyote katika mpangilio wake: kwanza mahali fuvu linapohifadhiwa, kisha mahali mwili ulipozikwa, kisha nyumbani.

Desemba iliyopita niliipita nikiwa na mgeni. Ni rafiki niliyekaa naye semina moja ya falsafa ya siasa chuoni, Mchina, mwenyeji wa mkoa wa Hebei, anayezungumza Kiswahili safi kuliko changu kwa sababu yeye alikisoma na mimi nilikiokota. Alitaka kukiona kijiji ninachokitaja kila ninapolalamikia wali wa mgahawani. Tulipokaribia Idodi basi lilisimama kwenye kizuizi cha mazao. Unavijua vizuizi hivi: mti mrefu umelazwa barabarani, upande mmoja umefungiwa jiwe, upande mwingine kamba, na kijana mwenye kitabu cha stakabadhi kakaa kivulini. Sisi tulikuwa tunaingia, si kutoka, kwa hiyo hatukuwa na gunia la kukaguliwa. Kijana aliangalia juu ya basi, akalegeza kamba.

Rafiki yangu akauliza kile kinaitwaje. Nikamwambia ni kizuizi, wanakusanya ushuru wa mazao. Mzee aliyekaa nyuma yetu akaingilia, kama wazee wa mabasi ya vijijini wanavyoingilia.

"Zamani hiyo ndiyo iliitwa hongo, mwanangu."

Rafiki yangu akanigeukia, macho yamemtoka. Katika Kiswahili alichofundishwa hongo ni rushwa, ni kitu unachokamatiwa. Akafungua kamusi kwenye simu na kukuta maana mbili zimekaa pamoja kama wakwe wasiosalimiana: ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, na rushwa.

Mzee alikuwa sahihi. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara haukupita bure. Kila mtemi au mtwa aliyekuwa na kisima, shamba au kivuko njiani alidai hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti. Ugogo ulisifika zaidi kwa sababu maji ni haba na njia ya kuzunguka haikuwapo. Burton alilalamika, Stanley akalalamika, na ukisoma malalamiko yao unapata picha ya watu wanaodhani ardhi yenye wenyewe ni uwanja wa umma. Kwa mwenye kisima lakini hongo haikuwa wizi. Ilikuwa bei ya maji, na ilikuwa pia namna ya mgeni kukiri kwamba ameingia kwa mtu.

Nadhani maana ya pili ndiyo iliyobaki kwa sababu rahisi. Ukimwondolea mtoza ushuru mamlaka yake, ukaiacha mikono yake pale pale njiani, kile anachopokea hakina jina jingine ila rushwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka na swali moja, na niseme mapema kwamba sijalimaliza. Nani ana haki ya kufunga njia? Na je, anaipoteza haki hiyo akiwa mwenyewe ni mwovu?

Siku moja kabla ya safari ile tulikuwa Kalenga. Mtoto aliyesoma shule ya msingi Iringa hana haja ya kueleza kwa nini unampeleka mgeni Kalenga, lakini rafiki yangu aliuliza, na ikabidi niseme yale yote ambayo kwetu huwa hayasemwi kwa sababu kila mtu anayajua. Kwamba Mtwa Mkwawa alirithi kwa baba yake Munyigumba dola iliyokwisha kuunganishwa kwa vita. Kwamba watu wake waliibana misafara, wakatoza, wakapora, na Wajerumani walipotaka njia zibaki wazi kwa biashara yao wakamkuta yeye kasimama katikati. Kwamba tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Emil von Zelewski lilivamiwa likiwa limejipanga mstari mrefu kama msafara wa pembe, na Zelewski akafa pamoja na Wazungu wengine na zaidi ya askari 200. Kwamba Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana vita vya msituni miaka mingine karibu minne, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa juu ya kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akajipiga risasi kuliko kushikwa. Wakakikata kichwa.

Rafiki yangu alisimama mbele ya kisanduku cha kioo muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi, Mhehe wa kuzaliwa, sikulijua.

Aliniambia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, unakumbukwa kwao kwa uchungu kuliko kwetu. Waliopigana upande wa washindi, na China ilikuwa upande huo, walitegemea kurudishiwa haki zao. Badala yake haki ambazo Ujerumani ilizinyakua katika mkoa wa Shandong zilipewa Japani. Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani, na China ikakataa kutia saini. Hilo nililisikia semina. Nisilolisikia ni kwamba ndani ya mkataba huohuo Ujerumani iliamriwa kurudisha China vyombo vya falaki, vile vya kupimia nyota, ambavyo askari wake walivibeba kutoka Beijing mwaka 1900 na 1901. Kibaya au kizuri, nilikuwa na jibu mfukoni. Kifungu cha 246 cha mkataba huohuo kinaiamuru Ujerumani kukabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa.

Tulicheka, kile kicheko cha makumbusho cha kuziba mdomo. Watu wawili kutoka pande mbili za dunia, na mali zao za wizi zimeandikwa katika karatasi moja.

Vyombo vya Beijing vilirudi baada ya miaka miwili. Fuvu lilichukua miaka 35. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta shehena ya mafuvu, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye tukamjua kama Spika wa Bunge. Kuna watu wanaouliza kama fuvu lile ni lake kweli. Mimi swali hilo halinisumbui kama linavyonisumbua lingine: aliyelidai kwa niaba yetu mwaka 1919 alikuwa ni nani? Alikuwa Mwingereza, aliyetaka Wahehe waone kwamba Mjerumani kashindwa na bwana mpya ni mwema. Na Mwingereza huyohuyo ndiye aliyeivunja milango ya China kwa mizinga kabla Mjerumani hajafika.

Hapo inabidi nikae kidogo, maana kisa cha China ndicho kinachoonyesha swali langu likiwa uchi.

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa na watawala wa Qing kufanya biashara katika bandari moja tu, Canton, tena kupitia kwa nyumba maalumu za wafanyabiashara wa Kichina zilizoitwa "hong". (Sadfa tu, rafiki yangu alinikataza kujenga nadharia juu ya hong na hongo, nami namtii.) Waingereza walitaka chai kuliko Wachina walivyotaka bidhaa za Waingereza, kwa hiyo fedha ikawa inatiririkia upande mmoja. Dawa ikapatikana: kasumba iliyolimwa India chini ya Kampuni ya Mashariki ya India. Ilikuwa imepigwa marufuku China, ikaingizwa kwa magendo. Mwaka 1839 mfalme alimtuma Lin Zexu kwenda Canton. Akanyang'anya masanduku zaidi ya 20,000 ya kasumba na kuyaharibu huko Humen. Uingereza ikajibu kwa manowari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliilazimisha China kufungua bandari tano, kuitoa Hong Kong na kulipa dola milioni 21, na katika hizo milioni 6 zilikuwa fidia ya kasumba. Yaani mtu kamwaga sumu iliyoletwa nyumbani kwake, akatozwa bei ya sumu.

Kwenye semina yetu tulikuwa tumesoma wanafalsafa wawili waliozungumzia mlango wa China. Immanuel Kant, mwaka 1795, aliandika kwamba mgeni ana haki ya kutembelea na kutotendewa uadui, lakini hana haki ya kukaa wala kulazimisha biashara, na akasema China na Japani zilifanya busara kuwawekea wageni mipaka. Kant hakusafiri mbali na mji wake maisha yake yote, na pengine ndiyo maana alijua adabu ya mgeni. Wa pili ni John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, Mill anataja marufuku ya kuingiza kasumba China kama mfano wa serikali kuingilia uhuru. Si uhuru wa muuzaji, anasema, bali wa mnunuzi. Ukiisoma hoja hiyo peke yake ina mantiki. Ukikumbuka kwamba Mill alifanya kazi miaka 35 katika ofisi za Kampuni ya Mashariki ya India, inaanza kunuka. Na katika kitabu hichohicho amekwisha kusema kwamba uhuru huu hauwahusu watu ambao hawajastaarabika. Mnunuzi yuko huru kununua, ila nchi yake haiko huru kukataa.

Nilifika Idodi nikiwa nimeshiba hoja hizi. Nilikuwa tayari kuandika insha ya Mkwawa na Lin Zexu, mashujaa wawili wa mlango. Ningeiandika vizuri na mngeisoma na kusahau.

Bibi mzaa mama anaishi kwetu tangu babu alipofariki. Ni Msangu wa Utengule. Usiku ule tulikula wali mpya na majani ya kunde, na rafiki yangu, kwa adabu ya mgeni anayetaka kumfurahisha mwenyeji, akamwambia Bibi kwamba tumetoka Kalenga na kwamba babu zetu walikuwa majasiri sana.

Bibi akatafuna taratibu, akameza.

"Huyo Mkwawa ni wa kwao," akasema, akininyooshea kidole mimi, damu yake mwenyewe. "Wa upande wa baba yake. Kwetu sisi alikuja kuchukua ng'ombe, halafu akaja kuchukua watu."

Baba, ambaye kwa heshima ya ukwe habishani naye, alikumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa.

Bibi aliendelea. Habari aliipokea kwa bibi yake, naye aliipokea kwa mama yake: jinsi wanawake wa Usangu walivyojificha kwenye matete ya bonde wakiwaziba watoto midomo ili wasilie, na jinsi mmoja alivyoziba mno. Hakueleza zaidi ya hapo na hatukuuliza. Nimekuwa nikila na Bibi huyu maisha yangu yote. Ananitania, "mjukuu wangu, ninyi Wahehe mna kiburi," nami nacheka. Utani wa makabila yetu mara nyingi ni vita vilivyochoka. Sikuwahi kufikiri kwamba chini ya utani ule kuna matete.

Historia inamuunga mkono. Wahehe na Wasangu walipigana kwa miaka mingi, tangu enzi za Munyigumba. Merere, mtawala wa Wasangu, alifukuzwa Usangu akajihami magharibi, upande wa Mbeya ya leo. Wajerumani walipoingia, akawa upande wao dhidi ya Mkwawa, na akarudi Usangu. Watu wa Bibi walirudi nyumbani nyuma ya bunduki za Wajerumani. Na Wahehe, nisisahau, waliuza mateka. Pembe na watu vilikwenda pwani, merikani na baruti vikarudi. Mkwawa hakuwa adui wa biashara. Alitaka biashara ipite mkononi mwake.

"Kwa hiyo Wajerumani waliwasaidia?" rafiki yangu aliuliza.

"Walitukuta hatuna ng'ombe," Bibi akasema. "Wakachukua mikono."

Sikulala vizuri. Hoja yangu ilikuwa imesimama juu ya shujaa, na shujaa alikuwa amesimama juu ya watu wa Bibi.

Mkoloni ana jibu la haraka kwa hali hii, na si jibu la kijinga. Anasema: huyu anayefunga njia ni mtekaji wa watu, kwa hiyo njia si yake. Ndivyo walivyosema. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulitangaza uhuru wa biashara kuanzia bonde la Kongo hadi mwambao wa Bahari ya Hindi. Mkutano wa Brussels uliofuata, uliomalizika 1890, ukaongeza vita dhidi ya utumwa. Kati ya biashara huru na ukombozi wa watumwa, mtu kama Mkwawa akawa mhalifu mara mbili. Na China nayo ilipewa hukumu ya namna hiyo: watawala wake wana kiburi, wanatesa, hawaheshimu sheria za mataifa. Yalikuwamo ya kweli. Watawala wa Qing walikuwa Wamanchu waliowashinda Wachina kwa vita, na katikati ya karne ya 18 waliwaangamiza Wazunghari karibu kabisa. Lin Zexu mwenyewe alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa imemeza majirani zake.

Upande wa pili sisi tuliokuja baadaye tuna jibu letu la haraka: tunamwosha shujaa. Tunaita kambi ya jeshi Lugalo, tunataja tarehe, matete hatuyataji. Ninaelewa kwa nini. Taifa changa lilihitaji watu waliosimama. Lakini ukisema haki ya Mkwawa ya kumkataa Mjerumani ilitokana na wema wake, basi siku wema ukikosekana haki nayo inaondoka, na utakuwa umempa Mjerumani ufunguo bila yeye kuuomba.

Nilipokuwa nimelala nikisikiliza mbwa nilijaribu hivi. Nikimwibia jirani mbuzi, jirani ana haki ya kuja mlangoni kwangu, kunishtaki, pengine kuja na nduguze. Mpita njia hana haki ya kuuvunja mlango wangu, kuchukua zizi zima, kisha kumkodishia jirani yule mbuzi wake mwenyewe. Deni la Mkwawa lilikuwa kwa Wasangu. Zelewski hakutumwa kulidai, na Wajerumani waliposhinda hawakulilipa. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898, mwaka uleule Mkwawa alipokufa, na kibanda cha Msangu kililipiwa kama cha Mhehe. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Ndiyo mikono ya Bibi.

Asubuhi nilimwambia rafiki yangu hoja ya mbuzi. Tulikuwa kwenye mfereji, wanakijiji wakipandikiza mpunga. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo ndilo lilinifanya niandike.

"Na jirani akimwita mpita njia mwenyewe?"

Yaani Merere. Hapo hoja yangu inachechemea. Naweza kusema kwamba jirani ana haki ya kualika msaada wa kumrudisha mbuzi wake, hana haki ya kugawa nyumba yangu. Ni kweli, ila ni kweli ya mtu aliyelala kitandani. Ukiwa kwenye matete huhesabu mipaka ya mwaliko. Vitabu vyetu vina neno la haraka kwa watu kama Merere, msaliti, na neno lingine kwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliyewekwa na Wajerumani kwenye kiti kisha wakamnyonga mwaka 1897. Simwiti Merere msaliti tena. Hakuwa na taifa la kulisaliti. Taifa lile lilikuwa bado halijawaziwa. Alikuwa na watu waliotaka kurudi kwao.

Rafiki yangu akaniambia ya kwao. Mwaka 1900 kundi la wakulima wa kaskazini mwa China, wale ambao Waingereza waliwaita Mabondia kwa sababu ya mazoezi yao ya ngumi, waliinuka kuwafukuza wageni. Vitabu vyao vya shule vinawahesabu kama wazalendo. Lakini kabla ya kuwafikia Wazungu, na baada ya hapo, waliua Wachina Wakristo kwa maelfu, na Hebei ina vijiji vya Wakatoliki tangu zamani. Ukoo wa mama yake ni wa kijiji kama hicho. "Bibi yangu," alisema, "akiona filamu ya Mabondia anazima televisheni." Kisha majeshi ya mataifa manane yakaingia Beijing, yakapora, yakachoma vijiji vya watu ambao hawakujua lolote, na China ikatozwa fidia ya tael milioni 450. Hakuna aliyewauliza Wakatoliki wa Hebei kama walitaka kulipiwa kisasi kwa namna hiyo.

Miongoni mwa maofisa wa Kijerumani waliopelekwa China mwaka 1900 alikuwapo Lothar von Trotha. Kabla ya hapo, tangu 1894, alikuwa huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kazi yake ikiwa kuzima upinzani. Baadaye alipelekwa Namibia ya leo, ambako tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Nikiwaza kwamba mtu mmoja alizipita nchi zetu zote tatu, nakosa hamu ya kusikia habari za biashara huru.

Kuna jambo jingine nalisema kwa tahadhari, na rafiki yangu alinyamaza nilipolisema, nami sikumlaumu. Haki ya kufunga njia ikitenganishwa kabisa na matendo ya mlinda njia, inakuwa ngao ya kila mtawala. "Mambo ya ndani," husema serikali za Asia, na husema za kwetu, na mara nyingi wanaolia huko ndani ndio wanaosahauliwa. Sitaki nimtetee Mkwawa kwa hoja atakayoitumia kila anayefungia watu.

Kwa hiyo nimebaki na hili, hata kama lina nyufa. Njia ni ya watu wanaoishi kando yake. Mlinda njia ameshikilia kamba kwa niaba yao, na akiwa mwovu, anayedhoofika ni yeye. Madai yao hayadhoofiki. Mgeni akisema anamwondoa kwa ajili yao, mwangalie kamba anampa nani baada ya hapo. Nanjing kamba ilibaki kwa aliyeleta kasumba, na kufikia 1858 kasumba ikawa halali. Iringa kamba ilijengewa boma. Na nikijiuliza kama Mkwawa naye angewapa kamba watu wa Bibi, najua jibu, na silipendi.

Tuliondoka Jumapili. Bibi alimfungia rafiki yangu mchele, kama kilo kumi, ndani ya mfuko wa sandarusi aliokuwa ameuosha na kuuanika. Rafiki yangu alijaribu kuukataa mara mbili, kama kwao wanavyofanya, na Bibi akadhani anaukataa kweli, ikabidi niingilie.

Kwenye kizuizi basi lilisimama. Juu kulikuwa na magunia ya watu, na kijana wa stakabadhi akapanda kuyahesabu. Mwenye magunia alishuka, wakaongea pembeni, sauti zikapanda kisha zikashuka, na sikuona kama kulikuwa na risiti. Halafu kijana akapita ndani ya basi akikagua miguuni. Akaukuta mfuko.

"Huu mchele wa biashara au wa kula?"

Rafiki yangu akanitazama, kisha akamjibu kwa Kiswahili chake safi kwamba ni wa kula, kapewa na bibi.

"Bibi gani?"

Akamtaja Bibi kwa jina. Kijana akacheka, akasema anamfahamu, yule Msangu. Akashuka, akalegeza kamba.